Vidato Kumi na Saba

Nyumba ya mamangu, Mji wa Kale, ina ngazi ya mbao yenye vidato kumi na saba. Nilipojifungua nilipelekwa huko kukaa arubaini ya uzazi. Wiki ya pili, nikiwa juu ya ngazi na binti yangu mikononi, nilijiona nikimwachilia. Sikumwachilia. Lakini picha ile ilirudi kila nilipomshika: kichwa chake, kidato cha mwisho, sauti.

Tangu hapo nilishuka naye kwa makalio, kidato kimoja kimoja, au nikampa mama. Wageni walinisifu: mzazi mwenye staha, anayemwachia nyanya mjukuu wake. Siku ya arubaini, mama ndiye aliyemteremsha na kumtoa nje. Mimi nilifuata nyuma, nikinukia udi. Chuo kikuu nilizoea kuhoji kila kitu. Hili sikuthubutu kulitamka. Nikisema, nitanyang'anywa mtoto.

Mume wangu alipoona sili wala silali, nilikubali kwenda kwa mshauri nasaha. Nilimchagua mama mmoja wa bara, mwenye ofisi Tononoka, kwa sababu hakumjua mtu yeyote wa kwetu. Sikuamini kwamba maneno yanaponya. Vikao vitatu nilimjibu sijambo. Cha nne nikamwambia.

"Unataka kumwachilia, au unaogopa utamwachilia?"

Nilimuuliza atajuaje, ikiwa mimi mwenyewe sijui.

"Anayetaka kumwangusha mtoto hashuki kwa makalio."

Nilitafuta kasoro katika hoja hiyo njia nzima ya kurudi kwa mama. Sikuipata. Wala mshauri hakuita mtu aje kumchukua mtoto. Alisema huu ni ugonjwa, unawapata wazazi wengi, kisha akanipa kazi: nimwambie mama, halafu nishuke kwa miguu.

Mama alinisikiliza chumbani kwake huku akikunja nepi.

"Mimi nilipokuzaa wewe," akasema, "naliogopa dirisha."

Dirisha la chumba chake limepigwa misumari tangu nipate akili. Siku zote nilidhani ni kwa ajili ya vumbi. Nilitaka kumuuliza nani alimsaidia, lakini jibu lilikuwa pale ukutani: misumari.

Asubuhi iliyofuata nilianza kushuka kwa miguu, binti yangu mikononi. Kidato cha sita picha ikarudi, nikaketi. Kutoka chini, mama akanyoosha mikono.

"Lete mwana."

Sikumpa. Nilikaa hadi picha ikafifia, kisha nikasimama naye. Vilibaki kumi na kimoja.