Kipini cha Ngozi ya Taa

Vijana mnaosoma ukurasa huu, leo kaeni kitako, mwache kuchekacheka. Huku kwetu Msimbati amefariki mama mmoja ambaye hamkumjua, na hasara ni yenu. Alikuwa muuza samaki wakavu, jirani yangu tangu tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa. Habari ilinikuta napepeta mchele. Nikaweka ungo chini, nikatazama kiganja changu.

Mwaka ule wa kuhama, viwanja vilipimwa kwa kamba, mstari mnyoofu, mtu akaambiwa wewe hapa, yule pale. Mizigo ikamwagwa kutoka kwenye lori kama muhogo, na humo ulikuwamo upanga wa msikiti, ule ambao khatibu huusimamisha kando yake akihutubu Ijumaa. Kipini chake cha pembe kikapasuka. Khatibu wetu alikuwa mzee, na mkono wake wa kushoto uliumia zamani, vidole viwili havikunjiki. Wakamchongea kipini kingine cha mti, laini. Alipokijaribu mbele ya watu, upanga ukamponyoka, ukaanguka. Minong'ono ikaanza: kijiji hiki kimetukataa. Wengine wakasema Ijumaa wataswali kwenye msikiti wa zamani huko porini, na hawarudi tena. Nasi tulijua aliyerudi kwake angefuatwa na nini. Moto: nyumba za zamani zilikuwa zikichomwa ili mtu asirudi.

Ndipo mama huyu akasema, "Nipeni huo upanga."

Mzee mmoja wa msikiti akamcheka. "Shemeji, wewe tunakujua kwa kukaanga samaki taa. Mambo ya upanga umeyajulia wapi?"

"Nyama yake umekula kwangu miaka yote, shemeji. Ngozi yake hujawahi kuniuliza naifanyia nini."

Watu wakaangua kicheko, akapewa. Basi hakushika kisu. Alibandika sufuria! Akasonga ugali wa muhogo, mgumu, akaukandika kwenye kijiti, akamwita khatibu.

"Shehe, kamata kama Ijumaa."

"Huu si wa kula, mama?"

"Wa kula upo. Kaza kwanza."

Akakaza. Alipoachia, mkono wake wote ulibaki pale, hata vile vidole viwili visivyokunjika. Mama akauanika ule ugali kivulini mpaka ukawa jiwe. Kisha akachonga mti wa mkorosho, akauvalisha kwenye upanga, akauzungushia kamba ya makumbi ya nazi kwa gundi ya mkorosho huohuo, nyembamba hapa, nene pale vidole vilipokuwa vinashindwa, kila mara akilinganisha na ule ugali kwa dole gumba. Juu yake akavika ngozi ya taa, mbichi, imelowa, akaishona kwa mshipi wa kuvulia. "Sasa tuiache," akaniambia. "Ikikauka itakaza kuliko mimi." Nilikaa namshikia uzi.

Ijumaa wanawake tulikuwa nyuma ya pazia. Tukasikia ncha ikigonga sakafu, ko, halafu sauti ya mzee. Nikangoja kishindo cha chuma. Hakikuja. Hotuba ikaisha, watu wakaswali, na hakuna aliyerudi porini.

Ujamaa siutukani, herufi hizi ninazoandika nilizipata kwenye darasa lake la watu wazima. Lakini katika kijiji kile kila kitu kilikatwa sawa kwa wote, nyumba, shamba, hata kengele ya kuamkia. Kipini kile peke yake kilianza kwa kuuliza mkono wa mtu. Khatibu alikufa, wakaja wengine, na kila mmoja alisema kukishika ni kama kupeana mkono na yule mzee. Niliona wanatia chumvi. Siku moja upanga ulipotolewa kusafishwa, nikaomba nishike. Vidole vyangu vikaangukia mahali pa vidole vyake, vitatu vimekunjika, viwili vimenyooka. Mtu yuko kaburini, na muuza samaki amemwachia mkono wake nje.

Anayetaka kumfaa mtu aanze kwa kumtazama alivyo. Mimi sina somo jingine.

Sasa ngozi ile imebanduka, na vijana wa msikiti wanasema wakanunue mpira mjini Chikongola, wakifunge, yaishe. Nimewaamuru wa nyumbani kwangu: kwanza matanga. Tukirudi, taa asichunwe na mtu kabla sijafika jikoni. Songeni ugali wa muhogo, mgumu, na khatibu mpya aitwe aje hapa, ameshanawa mikono.