Maji Meupe kwenye Tangi la Fundi

Asubuhi hiyo samaki wa tatu alikuwa amekufa, na Dobi alimwopoa kwa kijiko cha chai huku hasira zimempanda mpaka masikioni. Maji ya tangi yalikuwa meupe kama yameoshewa mchele, na uvundo wake ulimpokea mtu mlangoni. Samaki wanne waliobaki walining'inia juu kabisa, midomo nje, wakihema kama watu waliopanda ngazi za ghorofa nane.

"Umeona?" alimwambia mumewe. "Wa tatu huyu!"

Mumewe akageuza uso, akatazama ukuta.

Dobi ndilo jina walilompa hospitalini, alikofanya kazi miaka kumi na tisa katika chumba cha kufulia. Doa la damu, doa la iodini, doa la chai, kila moja alilijua na dawa yake. Ndiyo maana tangi lile lilimkera kupita kiasi. Mtu anayetakatisha mashuka ya wodi nzima, leo anashindwa na maji ya ndoo sita sebuleni kwake!

Tangi lilikuwa la mumewe, fundi umeme, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi. Vioo alivikata mwenyewe, akaviunga kwa gundi, akafunga pampu ya hewa na chujio, kisha akapiga marufuku mtu mwingine yeyote kulisha samaki wake. "Punje chache, mara moja kwa siku. Anayetaka kushibisha mtu akamshibishe jirani," alizoea kusema. Halafu kiharusi kikampiga. Alirudi kutoka hospitali mkono wa kulia umelala, ulimi mzito, neno moja likimtoa jasho kabla halijatoka, na mengi hayakutoka kabisa. Dobi akakisogeza kiti chake ubavuni mwa tangi, upande wa mkono mzima, apate angalau cha kutazama. Miezi saba ilikuwa imepita tangu siku hiyo.

Dobi akiwa kazini, aliyeshinda na mgonjwa alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa Fundi. Wifi huyu alikuwa msafi wa kupindukia. Ukimpa kitambaa, hata paka atapanguswa. Kila asubuhi alimwekea kaka yake bakuli la mkate uliolowekwa kwenye maziwa, chakula laini kama daktari alivyoagiza, akamshikisha kijiko katika mkono wa kushoto, kisha akatoka kufagia ua. Akirudi alikuta bakuli tupu. "Hongera, kaka! Umemaliza chote!" Fundi alitikisa kichwa, na wifi akampapasa bega.

Maji yalipoanza kuchafuka, Dobi alikwenda kwa muuza samaki wa mapambo, mtaa wa pili. Akapewa kichupa cha matone ya kung'arisha maji. Hayakung'aa. Akapewa kichupa kingine. Mara ya tatu yule muuzaji, bila hata kuinua macho kwenye simu yake, akamwambia amwage maji yote na ajaze mapya ya bomba. Dobi akafanya hivyo hivyo, na kesho yake wawili wakaelea matumbo juu.

Sasa huyu wa tatu. Dobi alisimama na kijiko chake mkononi, na ndipo alipoona kitambaa cha wifi kimeanikwa ukingoni mwa tangi. Akakinusa. Sabuni.

Wifi alipoingia hakupewa hata nafasi ya kuvua viatu.

"Wifi, wewe ndiye unayewaua hawa samaki."

"Nani? Mimi?"

"Unapangusa kioo kwa sabuni. Sabuni inadondokea ndani. Mimi nafanya kazi na sabuni tangu ujana wangu, usinidanganye."

"Napangusa nje, wifi. Nje! Ndani sijawahi kutia hata kidole."

"Basi maji yamejiharibu yenyewe?"

Wifi aliweka mkoba chini polepole. "Miezi saba namwogesha ndugu yangu, nafua nguo zake, nafagia ua wako. Leo nimekuwa muuaji wa samaki." Akatoa ufunguo mfukoni, akaubwaga mezani. "Haya, kaa naye mwenyewe."

Fundi alikuwa akitoa sauti kooni, mkono wa kushoto ukipigapiga kiti. Hakuna aliyemgeukia.

Dobi aliomba likizo ya wiki moja, akabaki nyumbani akifura. Hakuna sabuni iliyokaribia tangi siku hizo, lakini maji yalizidi kuwa meupe, na siku ya pili samaki wa nne akafa. Siku ya nne alimwachia jirani mlango, akaenda dukani kwa mwendo wa kutafuta ugomvi.

"Nimekuja mara tatu," alimwambia muuzaji, "na mara mbili umeniuzia maji ya rangi. Leo nitaondoka hapa nikijua ndani ya lile tangi kuna nini."

Yule muuzaji akaguna, akavuta droo, akatoa kikaratasi chembamba. "Umekuja na maji?"

Dobi alikuwa nayo kwenye chupa. Kikaratasi kilichochovywa mle kikageuka kijani kibichi sana.

"Amonia," alisema muuzaji. "Imejaa tele. Kuna chakula kinaoza humo, mama, na si kidogo."

"Hivyo vikaratasi ulikuwa navyo siku zote?"

"Ndiyo."

"Mbona hukunipimia?"

"Kwani uliuliza?"

Dobi alimtolea uvivu. Alimwambia kwamba hospitalini wangekuwa wanampa mgonjwa dawa kwa mtindo huo, yeye angekuwa anafua sanda, si mashuka. Wateja wawili waliokuwa wakichagua konokono walirudisha konokono wao. Mwisho muuzaji, kichwa chini, akamweleza la kufanya: aondoe uozo wote, abadilishe robo ya maji kila siku, na maji ya bomba yakae kwanza kwenye ndoo siku nzima ili klorini itoke.

Alirudi, akakunja mikono ya gauni, akang'oa chujio. Nyuma yake akakuta ute mweupe mzito, wa kujaza viganja viwili. Juu ya ute ule kulikuwa na kipande cha mkate ambacho hakijaanza hata kuvunjika. Kilikuwa na pembe nne sawasawa, kama alivyokikata yeye mwenyewe kwa bakuli la Fundi asubuhi ile, kabla hajatoka kuanika nguo.

Wifi alikuwa na siku nne hajaingia nyumba ile.

Dobi aligeuka. Fundi alikuwa anamtazama.

"Wewe!" Sauti ilimtoka kama hakuwahi kuambiwa kwamba mume wake mgonjwa. "Wewe, Fundi! Wewe uliyetukataza tusiwatupie hata punje! Umewaua samaki wako mwenyewe! Mimi nimemfukuza dada yako, nimegombana madukani kama kichaa, na wewe umekaa hapo unatazama! Kwa nini?"

Tangu augue hakuna aliyewahi kumpigia kelele. Walimbembeleza tu. Uso wake ukaiva, mishipa ya shingo ikasimama, midomo ikahangaika.

"Si... sitaki. Ma... maziwa."

"Sasa si ungesema!"

Alipiga kiti kwa mkono wa kushoto mpaka maji ya tangi yakatikisika. "Ni... li... sema!"

Dobi alikikumbuka kile kichwa kilichotikiswa kila asubuhi, wakadhani ni ugonjwa. Chakula laini daktari aliagiza kwa mwezi mmoja. Yeye, anayefanya kazi hospitali ile ile, hatua chache tu kutoka kwa daktari huyo, hakurudi kuuliza. Akaketi sakafuni, mikono inanuka, na hasira zote alizokuwa nazo kwa watu sasa zikamgeukia mwenyewe.

"Na bado umewaua," alisema baadaye, bila kumtazama.

"Ndi... yo," alijibu Fundi, machozi yakimshuka. Mahali pengine pa kumwaga bakuli mkono ule haukufika.

Wiki iliyofuata daktari alimpima anavyomeza, akaruhusu chakula cha kawaida, taratibu. Siku hiyo Fundi alitafuna kipande cha nyama karibu nusu saa, kisha akaomba pilipili, na Dobi akamkatalia kwa ukali. Maji walibadilisha kama walivyoelekezwa, Fundi akionyesha kwa kidole ndoo ipi imekwisha kulala siku nzima. Samaki watatu walipona.

Kwa wifi Dobi alikwenda mwenyewe, akasimama mlangoni, akaomba radhi bila kujitetea. Wifi alimwacha amalize.

"Nimesikia," alisema. "Lakini bado nimekasirika, wifi. Niache nikasirike."

Wifi alirudi Jumatatu iliyofuata. Alimsalimu kaka yake kwanza, akamuuliza anataka kula nini, akakaa kumngoja mpaka jibu likatoka.