Nadine Frisbie na Neno Lililoanguka Mlangoni mwa Aventine

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, jua ndiyo kwanza linachungulia nyuma ya ghala la maziwa, na Nadine Frisbie yuko juu ya ngazi, amelaza shavu lake kwenye ukuta wa Jengo la Mji la Aventine, mji mdogo wa Marekani. Asiyemjua angedhani mama wa watu kapatwa na kizunguzungu.

"Nasoma," anasema bila kugeuka. "Jua likiwa chini hivi, mwanga unapita ubavuni mwa jiwe na kila mkwaruzo unatoa kivuli. Njoo saa nne, utaona ukuta tu."

Anapitisha kidole ndani ya herufi ya A, taratibu, kisha anaandika kipimo kwenye kiganja kwa kalamu ya wino. Daftari analo, liko mfukoni. Nikimuuliza kwa nini halitumii ananiambia kiganja hakijawahi kumwangukia kutoka juu ya ngazi.

Nadine ana miaka 57, na kwa miaka 34 amekuwa akichonga majina kwenye mawe ya makaburi. Herufi moja ni dola 45, na kwa mwaka anapata kama dola 31,000, bega la kulia likikubali. Nusu ya mji huu itakuja kulala chini ya mwandiko wake, na wengine wameshaanza kumtania kuhusu hilo. "Nadine, langu usilikosee!" humpigia kelele wakipita na magari. Naye huwajibu, "Wewe kufa kwanza, tutaongea!"

Lakini asubuhi hii hayuko makaburini. Juu ya mlango wa jengo letu, ambalo pia ndiyo mahakama yetu, kuna mabamba matatu ya mawe, kila moja na neno lake la Kilatini, lugha ya Warumi, tangu mwaka 1827. Majira ya baridi ya miaka kumi na mmoja iliyopita, barafu iliingia kwenye ufa, bamba la katikati likapasuka na neno likaanguka chini vipande vipande. Mji ukaziba pengo kwa saruji, basi, ikaishia hapo.

Maneno yalikuwa AVDI ALTERAM PARTEM. Maana yake: sikiliza upande wa pili. Lililoanguka ni hilo la katikati, "wa pili".

"Kwa hiyo miaka kumi na mmoja mahakama yetu inasema 'sikiliza upande'," anasema Nadine, na kicheko kinamtoka mpaka ngazi inatikisika. "Upande mmoja! Na hakuna aliyeshtuka!"

Leo Jumanne, saa moja jioni, wajumbe watano wa baraza la mji watapiga kura. Ama Nadine alirudishe neno, kwa dola 6,400 pamoja na jiwe jipya, ama mabamba yote yang'olewe na pawekwe bango la umeme la kukaribisha wageni, litakaloonyesha baridi imefika nyuzi ngapi na lini zimamoto wanachoma kuku wa harambee. Hesabu za mitaani zinasema wajumbe wawili wako huku, wawili kule, na mwenyekiti, Bi. Colleen Mabie, hajasema kitu.

Kwa Nadine hili ni jambo la moyoni, na lilianza na mbwa.

Alipokuwa na miaka 19, mbwa wake aliyeitwa Turnip alishtakiwa kwa kuua kuku kumi na wanne. Mshtaki alikuwa jirani, Harlan Pruitt, fundi wa matrekta, aliyekuja mahakamani na manyoya kwenye mfuko kama ushahidi. Akipatikana na hatia, Turnip angeuawa. Hakimu wa mji, marehemu Orrin Tubbs, siku za kazi alikuwa dereva wa lori la maziwa. Hapa kwetu hakimu si lazima awe mwanasheria.

"Harlan aliongea, watu wote wakatikisa vichwa kukubali. Hata mimi nilikaribia kuamini," anakumbuka Nadine. "Nikajua Turnip wangu kwisha. Basi Mzee Tubbs akainua mkono akasema, 'Bado. Sasa zamu ya huyu binti.' Nililia, nikajikwaa, nikarudia rudia, dakika arobaini. Hakunikatiza hata mara moja."

Katika dakika hizo arobaini ilijulikana kwamba usiku ule Turnip alikuwa amelazwa kwa daktari wa mifugo, nyuzi za operesheni zikiwa bado tumboni. Aliyekula kuku alikuwa mbweha. Nadine alimpelekea hakimu pai ya tufaha kumshukuru, naye akamtoa nje, akamwonyesha mawe ya juu na kumwambia, "Usinishukuru mimi. Nafanya nilichoandikiwa pale."

Toka hapo ndipo Nadine, binti wa mkulima, alipoanza kuuliza: nani aliandika, na kwa nini kwa lugha ya watu waliokufa zamani?

Jibu analijua sasa kama mapishi ya mama yake, na ukimpa kikombe cha kahawa utalipata lote. Waliounda serikali ya Marekani, anasema, walilelewa kwenye vitabu vya Wagiriki na Warumi. Walipogombana magazetini walijificha nyuma ya majina ya Kirumi. Walipoogopa kitu, waliogopa Kaisari mpya. Kutoka kwa mwanahistoria mmoja wa Kigiriki, aliyekaa Roma kama mateka, waliokota wazo kwamba mamlaka yakigawanywa sehemu tatu, kila sehemu itaishika nyingine mkono isifanye ubabe. Hata Seneti, jina lake ni baraza la wazee tu.

"Na mgombea!" anadakia mwenyewe. "Kwa Kiingereza neno hilo limetoka kwenye joho jeupe. Mrumi akitaka kura alivaa joho jeupe pe, watu waone hana doa. Siku hizi madoa wanakuja nayo hivyo hivyo."

Na kusikiliza upande wa pili? Kule Athene, waliokaa kuamua kesi walikula kiapo kwamba watamsikiliza mshtaki na mshtakiwa sawasawa. Wanasheria wakalibeba wazo hilo karne kwa karne, likaingia kwenye sheria za nchi hii, na kwa njia ndefu hiyo likafika mpaka kwa dereva wa maziwa na mbwa wa Nadine.

Tatizo ni kwamba Aventine haikubaliani hata kuhusu tahajia. Mwezi wa pili mtu aliandika kwenye gazeti letu kulalamika kwamba jengo la serikali lina kosa: AVDI badala ya AUDI. Wengine wakasema ni tangazo la magari ya Kijerumani. Mjumbe mmoja wa baraza akaomba makadirio, kwa maandishi kabisa, ya kuigeuza V iwe U.

"Warumi hawakuwa na U, jamani!" Nadine anapiga paja. "V ndiyo ilikuwa U yao. Unamsahihishaje mwenye lugha?"

Anayetaka bango la umeme ni nani? Ni yule yule Harlan Pruitt. Sasa ana miaka 66, na hajakubali mpaka leo kwamba ni mbweha.

Jioni ukumbi umejaa mpaka watu wamekaa madirishani. Zimamoto wameleta viazi vya chumvi na siagi, kwa sababu hapa kwetu watu hawagombani wakiwa na njaa. Kila mzungumzaji ana dakika tatu, na Bi. Mabie ana saa ya jikoni mezani, ile ya kupimia mayai yanapochemka.

Harlan anaanza, "Barabara ya darajani ina mashimo ya kumeza ndama, na sisi tunataka kununua herufi—"

"Kaa chini, Harlan!"

"—herufi saba ambazo hakuna—"

"Nenda kawahesabu kuku wako!"

Ukumbi mzima unacheka, na nakiri nami nilicheka. Wanapiga makofi kwa makusudi, wanagonga viti. Harlan anafungua mdomo na kuufunga, masikio mekundu. Saa ya mayai inalia. Dakika tatu zimekwisha na hajamaliza sentensi moja.

"Anayefuata ni Nadine Frisbie," anasema Bi. Mabie, na ukumbi unalipuka kwa shangwe.

Nadine anasimama. Mkononi ana karatasi mbili alizoandika wiki nzima, nilizisoma mwenyewe, na zilikuwa nzuri. Anazikunja na kuzitia mfukoni.

"Dakika zangu tatu nampa Harlan," anasema. "Hajasikilizwa."

"We Nadine, umechanganyikiwa?" anaita mmoja wa zimamoto.

"Labda. Ila nitakuwa mwongo nikichonga kitu kile nje na humu ndani nikakubali hiki. Harlan, ongea. Na nyie mnyamaze!"

Waliokuwa wakigonga viti wakavikalia. Harlan mwenyewe alionekana kuogopa. Alishika kofia yake kwa mikono miwili, na alipoongea hakutaja tena barabara.

"Nilitoka shule nina miaka kumi na tano," alisema. "Napita chini ya maneno yale maisha yangu yote. Mama yangu pia, mpaka amefika themanini na nane. Hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kutuambia yanasema nini. Nikiingia humu najiona kama jiwe linaongea na wengine na mimi limenipa kisogo. Bango la umeme ningeweza kulisoma. Basi. Ndiyo hivyo tu."

Alikaa. Saa ilikuwa bado na dakika moja na nusu, na hakuna aliyeigusa.

Nadine aligeukia ukumbi. "Ana haki," alisema. "Nimeyapenda yale maneno miaka thelathini na nane, na sikuwahi kumwambia jirani yangu maana yake. Nimeona aibu, Harlan."

Bi. Mabie akakuna shingo kwa kalamu, akauliza: je, neno likirudi, na chini yake, usawa wa macho ya mtu, pakawekwa jiwe dogo lenye maana yake kwa Kiingereza cha kawaida? Nadine akasema lile dogo atalichonga bure. Wajumbe wakanyoosha mikono, wanne kwa mmoja. Yule mmoja bado anataka U.

Watu walipiga kelele mpaka viazi vikamwagika. Nadine alilia waziwazi, akicheka hapo hapo, na mama yake Harlan akampa leso.

Wiki tano baadaye namkuta juu ya jukwaa la mabomba, jiwe jipya likiwa mahali pake. Herufi zote saba zimechorwa kwa brashi, nyekundu, maana mchongaji huchora kwanza na patasi hufuata. Leo ndiyo siku ya patasi. Jiwe dogo la chini limeshakamilika, na nimeshamwona mtoto wa shule akiliwekea kidole na kulisoma kwa sauti.

Naye anataka nini zaidi? Anafikiri kidogo. "Nataka kazi hii ifike miaka mia mbili. Siku mtu anakuja hapa kushtakiwa, awe na mbwa au mwana, ajue mji umemwahidi kumsikiliza kabla haujaamua. Na mwakani nifungue darasa la Jumamosi, nifundishe watu kuchonga. Bega hili halitanisubiri."

Anaweka ncha ya patasi kwenye R na kuinua nyundo.

"Imelala!" Sauti inatoka chini. Harlan Pruitt amesimama kando ya barabara, kikombe cha kahawa mkononi.

"Nini imelala? Mimi nachora herufi mwaka wa thelathini na nne huu, wewe nenda kafunge nati!"

"R imelala, nakwambia!"

Nadine anasonya. Nyundo imebaki hewani. Kisha anaiweka chini, anatoa timazi, ule uzi wenye risasi nchani wa kupimia wima, anauning'iniza kando ya R na kusubiri utulie. Anainama, anaangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

Anachovya kitambaa kwenye ndoo na kuifuta R yote.

"Haya, Harlan," anasema, brashi ikiwa tayari mkononi. "Sema tena. Imelalia upande gani?"