Mkaa Uliomeza Dawa

Saa moja asubuhi, Bi Masizi amepiga magoti mbele ya pipa la bluu, mikono imezama mpaka viwiko kwenye mkaa. Anauosha ndani ya beseni, anamwaga maji meusi, anaosha tena. Jina hilo alibandikwa na wateja wake wa maji, na hana kinyongo nalo. "Mtu mweusi kucha mpaka kope, utamwitaje?" anauliza, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu.

Mkaa huu si wa kupikia. Ni wa vifuu vya nazi, uliochomwa kiwandani kwa mvuke mkali hadi ukajaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Maji ya mto yakipita humo, harufu ya tope na sumu za mashambani hunaswa. Kisha maji huingia kwenye tangi, na huko ndiko hutiwa klorini ya kuua vijidudu, ambayo kila mtu hapa huiita dawa.

Mpangilio ndio huo: mkaa kwanza, dawa mwisho. Miaka miwili iliyopita, Bi Masizi aliugeuza.

Wateja walikuwa wamemchosha. Maji yananuka dawa, chai haina ladha, watoto wanagoma kunywa. Akaona bora ahamishe mrija wa dawa uwe juu ya pipa la mkaa, ili mkaa uondoe na harufu hiyo. Kweli, ikaisha. Mauzo yakafika ndoo tisini kwa siku, na aliyemsifu kuliko wote alikuwa mdogo wake, fundi cherehani aliyekuwa akiishi na mama yao nyumba ya pili.

"Nilijiona nina akili kuliko walionifundisha," anasema. "Sikujua mkaa unaila dawa yenyewe. Maji yalikuwa yanaingia kwenye tangi bila ulinzi wowote."

Wiki ya nne, nyumba kumi na moja zilipatwa na kuhara. Wengine walipona. Mdogo wake hakumaliza siku mbili.

Mtaalamu wa maji alipodondosha kipimo kwenye kichupa, maji ambayo yangekuwa na dawa yangegeuka rangi ya waridi yalibaki vilevile. Bi Masizi alielewa kabla hajaambiwa. Ni kosa lake, na hamfichi mtu.

Sasa, siku ikiwa nzuri sana anauza ndoo ishirini na mbili, kila moja akiipima dawa mbele ya mteja. Majirani wanarudi mmoja mmoja. Asiyerudi ni mama yake.

Kila siku akimaliza kuosha mkaa humpelekea jagi. Mama huyo hulipokea kwa mikono miwili, hushukuru, kisha maji yake huoshea vyombo. Ya kunywa huyafuata mwenyewe kwenye bomba la mbali, na miguu yake imevimba.

Akiulizwa kama anaogopa, anatikisa kichwa.

"Siogopi maji ya mwanangu. Lakini nikiyanywa nikabaki mzima, nitajua mdogo wake alikufa kwa jambo dogo hivyo, mrija tu kuhamishwa. Hilo bado silimudu."

Bi Masizi amesimama mlangoni, jagi mkononi. Hajawahi kuyasikia maneno hayo. Analiweka mezani taratibu, anatoka nje, na machozi yanamshinda.

"Simlazimishi," anasema baadaye, akijifuta kwa kiwiko. "Nitaleta kesho, na keshokutwa. Siku akiweza, ayakute."