Nilificha Uso wa Mwanangu

Nilikubali. Naanza na hilo ili usije ukanihurumia kabla hujajua nilichofanya. Kaka yangu alisema uso wa mwanangu usionekane mbele ya wale madaktari, nami nikasema sawa. Hakunishikia kisu. Nilikuwa na mdomo wa kukataa, na sikukataa!

Mimi ni mzee wa hapa Mchafukoge. Nimesoma mpaka kidato cha nne, nikauza viatu vya mitumba Mchikichini mpaka magoti yakagoma. Mke wangu alishatangulia mbele ya haki, akaniachia watoto wawili. Majina yao ya kweli siyataji. Kijana nitamwita Idrisa, na dada yake anayemfuata nitamwita Rukia.

Meza yangu ya sokoni nilimwachia Idrisa, na aliiweza kuliko mimi. Kiatu kinatoka kwenye belo kimekunjamana kama kitambaa, yeye anakisugua, anakijaza magazeti, anakifunga kamba upya, unaapa kimetoka dukani.

Basi mikono ile ikaanza kutetemeka. Mwanzo kidogo tu, anapopitisha kamba kwenye tundu. Baadaye hata akinyoosha mkono kupokea chenji, unapiga kama bawa la kuku. Wenzake wakambandika jina la Vaibresheni, kama simu iliyozimwa sauti. Mwenyewe alicheka nao.

"Nipigieni tu," aliwajibu, "nipo hewani."

Kisha ulimi ukawa mzito. Na akicheka, kicheko kinakwisha lakini mdomo unabaki wazi, kana kwamba umesahau kujifunga. Kikumbuke kicheko hicho, maana kimebeba habari yote.

Tulihangaika. Zahanati walimpa dawa za wasiwasi. Ustadhi alimsomea. Jirani wa meza ya pili aliapa kwamba kuna mtu anaitaka ile meza. Mwisho tukafika hospitali kubwa, kwa daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu, dada mmoja mdogo kiumri ambaye alinipa shikamoo kabla sijakaa.

Alimpima Idrisa kwa utulivu. Akamgonga magoti, akamwambia aguse pua yake kisha kidole chake yeye daktari. Halafu akanieleza wazi kwamba ugonjwa huu unamtatiza. Alisema madaktari wa aina yake hapa kwetu ni wachache, lakini kila wiki anakutana kwenye kompyuta na wenzake wa India, Brazili, Misri na kwingineko. Kila mmoja analeta mgonjwa aliyemshinda, wanatazama pamoja, wanafundishana. Wakongwe wa kazi hiyo nao wanakuwemo.

"Humo ndimo ninamoendelea kusoma, baba," alisema. "Nisichowahi kukiona mimi, mwenzangu ameshakiona. Niruhusu nimrekodi Idrisa anavyotembea, anavyoongea na anavyocheka."

Ningekubali palepale. Lakini kwetu jambo kama hilo baba haliamui peke yake, linapita kwa wakubwa. Na siku zile tulikuwa tunasubiri watu wa posa ya Rukia. Anayejua familia zetu anajua kinachofanyika. Kabla ya kupeleka posa, upande wa mwanaume unatuma watu wapeleleze kimyakimya mtaani. Hawa wana tabia gani? Kwao kuna kifafa? Kuna wazimu? Kuna ugonjwa unaotembea kwenye damu?

Nikamweleza kaka yangu. Alinitazama kama niliyevua nguo barabarani.

"Umeanza kuigiza filamu siku hizi?" alisema. "Video ikishatoka hospitali itazunguka dunia nzima, mwisho inaingia kwenye magrupu ya Kariakoo. Mshenga ataiona kabla hajapiga hodi. Utamwoza Rukia kwa nani, bwana mdogo? Wakitaka mikono, wape mikono. Uso wa kijana usionekane."

Nikasema sawa, kaka.

Nilirudi kwa daktari na sharti hilo. Alinibembeleza. Aliniapia kwamba wale wote wamefungwa na siri ya kazi, video haitoki nje ya kikao. Nikakaza shingo. Akamrekodi mwanangu kuanzia shingo kwenda chini, anatembea, ananyoosha mikono, kama mtu asiye na kichwa.

Baada ya kikao chao daktari alinipigia simu. Wenzake walikuwa wameitazama video na mawazo yao yamegawanyika. Lakini mzee mmoja, bingwa wa muda mrefu huko ng'ambo, aliomba kitu kimoja tu. Aone uso wa kijana akiwa anacheka, na macho yake yapimwe kwa taa ya madaktari wa macho.

"Mlete, baba, hata kesho," daktari alisema.

Na siku hiyohiyo wapelelezi wa posa walikuwa wameonekana mtaani!

Nilimdanganya. Nilisema Idrisa amesafiri, akirudi nitamleta. Kumbe nilikuwa nimeshamwambia afungashe nguo. Nilimvusha Magogoni nikampeleka kwa shangazi yake Kigamboni, akae huko mpaka shughuli iishe. Kwenye pantoni tulisimama ubavuni, yeye kashikilia chuma ili mkono usionekane. Akaniuliza kwa ulimi ule mzito, neno moja moja:

"Baba, kwani mimi ni aibu?"

Nilimwambia hapana, ni hali ya hewa tu, kule kuna upepo mzuri. Laiti ningegeuka na pantoni ileile!

Rukia aliolewa. Biriani lililiwa, watu walipiga vigelegele, na kaka mtu hakuwepo. Waliouliza niliwaambia yuko Msumbiji kwa biashara. Rukia alilia siku ile, wanawake wakasema ndivyo bibi harusi anavyolia. Mimi nilijua anamlilia nani.

Nilikuwa nasema Idrisa atarudi mambo yakipoa. Kisha nikasema wakwe wazoee kwanza. Kule Kigamboni yeye akawa hawezi kujifunga vifungo. Uji ukawa unampalia. Shangazi yake akawa ananipigia simu, namjibu subiri kidogo. Daktari naye alipiga, mwisho nikawa sipokei.

Halafu kikombe kikamponyoka Rukia.

Alikuwa kwake, anamkaribisha mkwewe chai. Mkono ulitetemeka, kikombe kikaanguka. Wiki zilizofuata mkono ukaendelea. Mimi niliposikia nilitaka kumwambia afiche. Ndiyo, hata hapo! Lakini mume wake hakumficha. Alimchukua waziwazi, mchana, pamoja na mama yake mzazi, wakampeleka kwa daktari yuleyule.

Daktari alisikia jina la baba akashtuka. Alipoomba ruhusa ya kurekodi, yule mama mkwe akamwangalia Rukia, na Rukia akasema, "Rekodi uso wangu wote. Kama kuna daktari anayejua, anione."

Kikao hicho hakikuchukua muda. Bingwa yule mzee alitazama anavyotabasamu, mdomo unavyochelewa kujifunga kama wa kaka yake, akasema akapimwe macho leo. Kwenye taa likaonekana duara la rangi ya udongo limezunguka mboni. Damu ikathibitisha. Ni ugonjwa wa kurithi, ini linashindwa kutoa madini ya shaba yaliyomo kwenye chakula, yanajikusanya humo na kupanda ubongoni. Una vidonge vyake. Ukiwahiwa, mtu anaishi maisha yake.

Daktari aliniita. Aliniuliza kama mimi na marehemu mke wangu tulikuwa ndugu. Nikajibu ndiyo, alikuwa binti wa ami yangu. Akanieleza kwamba mimi na yeye tuliubeba wote bila kuumwa, ukakutana kwa watoto. Halafu akauliza kwa sauti ya chini:

"Na Idrisa yuko wapi, baba?"

Sikuwa na uongo mwingine. Nikasema Kigamboni.

Akasema aletwe leo hii. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

Idrisa tulimrudisha siku hiyohiyo, amebebwa. Tumbo lilikuwa limejaa maji, macho ya njano. Duara lilikuwepo kwenye macho yake, nene kuliko la dada yake, unaliona hata bila taa. Walimwanzishia vidonge. Madaktari wa nchi zile walikuwa wanaulizia habari zake kila kikao, watu ambao hawajawahi kumwona uso. Lakini ini lilikuwa limeshakwisha. Rukia alikaa kitandani kwake akimshika ule mkono unaopiga, na wake ukipiga pamoja nao. Idrisa aliaga dunia akiwa anajaribu kutuambia jambo, na ulimi haukumpa nafasi.

Siku ya maziko, walioshuka kaburini kumpokea walikuwa mume wa Rukia na baba yake. Wale wale niliomficha wasimwone! Wale niliokuwa naogopa wasije wakamwona wakiwa wamekaa sebuleni kwetu, ndio waliomlaza kwa mikono yao ubavu wa kulia wakamwelekeza kibla. Mume wa Rukia alipotoka mle, na udongo magotini, aliniambia, "Baba, ungetuambia tu. Tungemuoa dada, na kaka yake tungemuuguza."

Kaka yangu analia mpaka leo, anasema yeye ndiye aliyeua. Namwambia anyamaze. Yeye alitoa neno, mtoto alikuwa wangu.

Rukia anaendelea vizuri. Anameza vidonge vyake na mkono umetulia. Huja kunisalimu, ananipikia, lakini jina la kaka yake hatulitaji tukiwa pamoja, na kimya hicho nakistahili.

Daktari aliniomba ruhusa nyingine baadaye. Alitaka ile video ya Idrisa iwafundishe madaktari wanaosomea kazi hiyo huko nje na huku kwetu. Nilikubali, nikamwomba awaambie kwa nini haina kichwa. Wajue kwamba baba yake alikuwepo, hakuwa mjinga, na alikataa.

Wewe unayesoma hapa na una mgonjwa nyumbani, mtoe. Daktari akikuambia hajui na anataka kuuliza wenzake, huyo ndiye daktari, mshike mkono. Mwache mwanao aonekane. Posa ikivunjika kwa ajili ya ugonjwa, mwache huyo mposaji aende zake.

Mimi nilimficha mwanangu kwa watu waliotaka kumponya, kwa kuwaogopa watu waliokuja kumzika. Idrisa angekuwa hai. Dawa yake ipo, dada yake anaimeza kila siku. Nimempoteza mwanangu wa kiume kwa sababu nilikubali uso wake usionekane.