Nilivyojipatia Ng'ombe Ufipa

Nilifunga safari ya Sumbawanga kwenda kumshinda mtu. Mtu mwenyewe ni Mwalimu Efrasia, Mfipa mpole niliyekutana naye kwenye semina ya walimu wa Kiswahili hapa Morogoro. Alisimama akasema kwamba anayejifunza lugha ya pili aanze kuzungumza, makosa yatajirekebisha njiani. Nikamjibu kwamba bila ngeli hakuna lugha, kuna kelele tu. "Basi njoo uone kelele zetu," akasema. Ukumbi mzima ukacheka, nami sipendi kuchekwa.

Jumatatu alfajiri nilipanda basi na jedwali la ngeli nililolichora kwenye manila. Nililala Mbeya. Siku ya pili, baada ya Tunduma, nchi ikafunguka: vilima vya nyasi, mashamba yaliyokwisha kuvunwa, ng'ombe kila upande. Laela niliteremka kununua karanga, baridi ikanirudisha ndani kabla sijazipata.

Sumbawanga, saa kumi jioni. Efrasia alinipokea stendi, akanipeleka kwake Chanji, akaniwekea ugali wa ulezi na samaki wa migebuka. Nilikula nikiwa nimevaa koti.

"Kesho utafundisha wewe," akasema. "Mimi nitakaa nyuma."

Nilijiona nimeshashinda.

Jumatano asubuhi tulifika kwenye darasa lake la watu wazima, kijiji kimoja mbele kidogo ya Kaengesa. Wanafunzi walikuwa akina mama kumi na mmoja, Wasukuma waliohamia na mifugo yao, ambao nyumbani huongea Kisukuma tu. Nikabandika jedwali, nikawakaririsha. Nusu saa baadaye wawili walikuwa wamesinzia. Wa tatu akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hii karatasi itasema na mtendaji wa kijiji?"

Efrasia akanivuta pembeni, akanieleza. Huyo ni Mama Minza, mjane. Ng'ombe wake wa maziwa alipotea, akaokotwa, na sasa amefungwa kwenye ua wa ofisi ya kijiji. Ijumaa mwenyewe anatakiwa aende kujieleza. Siku zote anayemsemea ofisini ni shemeji yake, Masanja, na kila Masanja anapotafsiri, mali ya mjane hugeuka mali ya Masanja. Safari hii ameshasema ng'ombe ni wake yeye.

Basi siku mbili tuliigiza. Mimi nilipewa cheo cha mtendaji. Kila nilipomsahihisha mtu, alinyamaza kabisa. "Mtendaji hana shida na ngeli," Efrasia akanigombeza. "Anataka kujua ng'ombe ana alama gani." Nikauliza alama. Kufikia Alhamisi jioni akina mama wale walikuwa wakinipigia meza, nami nimeshawakubalia kila walichodai.

Ijumaa, saa nne, ofisi ya kijiji. Masanja alizungumza Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Kisha Mama Minza akasimama.

"Shikamoo, mtendaji. Ng'ombe hii ni ng'ombe yangu. Mume yangu alinipa."

Nilivumilia. Lakini aliporudia "ng'ombe yangu," ulimi uliniponyoka. Nikasimama.

"Ng'ombe wangu!"

Mtendaji akavua miwani.

"Kumbe na wewe mgeni unadai?"

"Hapana, mtendaji. Nimesema wangu, yaani wake, ila kwa ngeli ya..."

Masanja akadakia: "Mnaona? Huyu mama keshamuuza kwa mtu wa Morogoro!"

Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuja kufundisha, na kwa neno moja nilikuwa nampokonya mjane ng'ombe wake. Mama Minza alinitazama, kisha akamgeukia mtendaji bila kusubiri mtu wa kumsemea.

"Hii mwalimu hana ng'ombe. Hata kuku hana. Baridi kidogo, analia."

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Uliza shemeji. Ng'ombe inakamuliwa upande gani?"

"Kulia, kama ng'ombe wote," akasema Masanja.

"Kulia inapiga teke."

Tukatoka kwenda uani. Masanja akachuchumaa kulia, akapigwa teke la paja lililomkalisha chini. Mama Minza akapita kushoto, akakamua taratibu mpaka mtendaji akamwambia inatosha.

Tukarudi ndani. Mtendaji akasema ng'ombe amempata mwenyewe, akaandika maelezo ya Mama Minza neno kwa neno, akamsomea, naye akaweka dole gumba. Kisha mtendaji akanigeukia.

"Mwalimu, wewe ndiye mtaalamu. Hapa nimeandika 'ng'ombe hii ni yangu.' Nirekebishe kabla sijapiga mhuri?"

Mama Minza alikuwa ananiangalia.

"Usiguse," nikasema. "Piga mhuri."

Jumamosi nilianza safari ya kurudi Morogoro nikiwa nimeshindwa, na kwa kweli nilifurahi. Ngeli bado nafundisha. Ila mwanafunzi akisimama kusema jambo lake, huwa nafunika mdomo kwa kiganja mpaka amalize. Wenzangu shuleni wanadhani nina jino bovu.