Vyuo viwili, mto mmoja katikati, na shati langu jeupe

Wakuu, salamu kutoka Kindu, Maniema, huku Kongo. Mkikutana na "njo" na "iko" msinirekebishe, njo (yaani ndiyo) Kiswahili ya kwetu hiyo.

Ninayoandika hapa ni ya kweli. Kipaji cha uongo ninacho, walimu wangu wote watashuhudia, ila leo nimekiacha nyumbani.

Mimi ni mtoto wa kike, nina miaka kumi na minane, niko mwaka wa kwanza chuo kikuu. Nimeona humu watu wanauliza wachague chuo gani kati ya viwili vya mji mmoja, na wanajibiwa habari za ada na majengo tu. Mimi nilipitia hapo hapo, sasa wacha niwape yangu.

Kwa wasiojua Kindu: mji umekatwa na mto Lualaba. Upande mmoja kuna reli, bandari, soko kubwa na kelele zote. Upande wa pili ni Alunguli, kumetulia, unavuka kwa mtumbwi.

Vyuo navyo vimegawana mto. Cha upande wetu nitakiita Cha Huku. Cha Alunguli nitakiita Cha Ng'ambo. Majina kamili sitaji, bado nahitaji diploma.

Cha Huku kina jina, kina auditoire kubwa, ule ukumbi wa mihadhara, na kiko karibu na kwetu kiasi kwamba Mama akinikaangia ndizi nasikia harufu nikiwa darasani. Rafiki zangu wote walikuwa wanaelekea huko kusoma sheria. Nusu yao hawapendi sheria, wanapenda suti.

Cha Ng'ambo ni kidogo. Wana kilimo na ufugaji, na nyuma ya madarasa kuna mabwawa ya samaki waliyochimba wenyewe.

Nitasema ukweli kama nilivyoahidi. Mwanzo nilitaka Cha Ng'ambo kwa sababu moja tu: Papa yuko huku. Papa anafanya kazi ya reli pale bandarini, anajua kila mtu, na kila mtu anajua mimi ni wa nani. Nikicheka na kijana saa nne asubuhi, saa sita Papa anajua tulicheka nini.

Lakini siku walipotualika wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari tukaone chuo, mwalimu mmoja mama hakutupa hotuba. Alitwambia tuvue viatu. Tukaingia kwenye tope la bwawa tukashika wavu. Nilimkamata tilapia mkubwa kama sahani, akanipiga kibao cha mkia usoni mbele ya watu wote.

Nikapenda. Sijui nielezeje. Huku kwetu samaki wakubwa mtoni wanapungua, kila mama sokoni analalamika, na hapa kuna watu wanawalima samaki kama mihogo. Nikajisemea, basi, kazi yangu njo hii.

Nikamwambia Papa. Papa akasema, "Huku."

Nikaeleza mabwawa. "Huku." Nikaeleza soko la samaki. "Huku." Nikamuuliza sababu, akaniambia nipeleke maji bafuni. Mama akanifanyia ishara ya kunyamaza. Bibi, mama yake Papa, tunakaa naye, akaendelea kuchagua mchele kama hasikii.

Nikajua huyu mzee ananionea tu. Nikamnunia wiki nzima, na mimi kununa siwezi, napenda sana kuongea. Niliteseka kuliko yeye.

Kisha yakatoka matokeo ya Exetat, ule mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari.

Wakuu, kwetu ukifaulu Exetat unamwagiwa poda. Poda ile ya mtoto mchanga. Kichwani, usoni, masikioni, halafu unazunguka mji mweupe hivyo hivyo watu wakikupigia kelele. Mimi nilivaa na shati jeupe la shule juu ya T-shirt, maana ukizunguka na poda bila uniform watu wanadhani umetoka kuiba unga.

Nilifaulu vizuri. Baada ya kuzunguka soko, rafiki yangu Fatuma akasema tuvuke Alunguli tukamwoneshe shangazi yake, ana duka, soda haitakosa. Tukavuka bila kuaga mtu. Kwenye mtumbwi abiria walijitenga nasi kama tuna upele, kila mtu analinda nguo zake.

Tulipofika, nikatazama nyuma. Pale bandarini kwetu naona kizibao cha kazi cha rangi ya machungwa kinatembea kando ya mabehewa, kidogo kama chungwa lenyewe. Papa.

Wazo likanijia. Yale mawazo yangu.

Nikampigia simu. "Papa, nimefaulu. Angalia ng'ambo." Nikakata.

Nikavua shati la shule, nikalifunga kwenye kasia la yule mwenye mtumbwi, nikaanza kupunga. Maana yake: nimeshinda, na nimeshahamia. Fatuma alicheka mpaka poda ikamwingia kooni.

Kile kizibao kikasimama. Nikapunga zaidi. Kikakaa chini.

Chini kabisa, wakuu, kwenye changarawe. Wafanyakazi wenzake wakamzunguka. Nikapiga simu, hapokei.

Soda sikunywa. Kuvuka kurudi nilimwomba yule bwana apige kasia kama anadaiwa. Nilijua nimemuua baba yangu siku ya matokeo, na nitazikwa naye nikiwa na poda.

Nikamkuta ameketi palepale, mzima. Machozi yanamtoka, na hakuwa anayafuta. Hakunipiga, hakunigombeza. Akanishika mkono kama mtoto wa chekechea, tukaenda nyumbani hivyo, yeye na kizibao chake, mimi na weupe wangu, mji mzima unatupigia vigelegele.

Nyumbani alimwambia Bibi neno moja tu, kwamba nimepunga shati jeupe kutoka Alunguli. Bibi akaacha mchele. Akaingia chumbani, akatoka na kitenge cha kijani cha ndege wekundu, kimechakaa, kimekunjwa vizuri. Mimi nilikuwa nadhani ni cha kufungia vyombo.

Bibi njo alinieleza.

Wakati wa vita Papa alikuwa kijana, anasomea ualimu Alunguli, anavuka kila siku. Asubuhi moja alivuka, na nyuma yake wenye bunduki wakafunga mto. Mitumbwi ikavutwa juu, anayevuka anapigwa risasi. Papa akabaki kule, Bibi akabaki huku. Simu hakuna, barua hakuna, na njaa pande zote mbili.

Bibi akawa anakwenda kwenye majiwe ya kufulia nguo, anaanika kile kitenge, anasimama. Papa kule akawa anafunga shati lake la shule kwenye mti mrefu na kulisimamisha. Hawaonani sura. Rangi tu. Kitenge kiko, Mama mzima. Shati liko, mtoto mzima.

Msimu wa mvua uliisha hivyo.

Kuna siku shati halikutokea, na kesho yake pia, na keshokutwa. Papa alikuwa na malaria hawezi kusimama. Bibi hakujua. Aliendelea kwenda. Majirani wakamwambia aweke matanga, akakataa kutoka kwenye majiwe. Shati liliporudi, alikaa chini kwenye maji na nguo zake.

Mto ulipofunguliwa, Papa akavuka. Walimu wake walikuwa wametawanyika, masomo yakafia hapo. Akaingia reli.

Nilikuwa nimesimama katikati ya nyumba, poda inanidondoka.

Papa akasema, taratibu, "Mimi sikukukatalia masomo. Nilikataa Mama arudi kusimama pale."

Bibi akamgeukia. "Mwenye kusimama pale alikuwa nani, wewe ao mimi?"

"Wewe, Mama."

"Na uliniuliza? Miguu yangu ingali iko. Masomo yako yalibakia kule nusu. Nani atayamaliza, mbuzi? Mutoto aende."

Papa akaangalia chini. Halafu akacheka, kile kicheko chake cha puani, na hapo nikajua nimepona.

Siku ya kwanza ya chuo Papa alinileta mpaka mtumbwini mwenyewe. Alikuwa amenunua jileti ya kuelea, ya machungwa, kubwa, inanifika magotini. Abiria wote hawana, mimi peke yangu nimevaa kama behewa. Mwenye mtumbwi akamuuliza kama ananipeleka Alunguli ama baharini. Papa hakujali. Akaifunga kamba mwenyewe, akaikaza mara mbili.

Tulipofika ng'ambo nikageuka. Kwenye majiwe ya kufulia kulikuwa na kitu cha kijani.

Bibi ana simu, wakuu. Tena anaijua kuliko mimi, ananibip kila mchana nikiwa darasani. Hakuna haja ya kitenge. Lakini kilikuwa pale, na yeye pembeni yake, mdogo kama kiberiti.

Nikatoa blauzi nyeupe ya laboratuari, lile koti la maabara, kwenye begi, nikainyoosha juu kwa mikono miwili. Safari hii sikufanya utani. Nikashika mpaka mikono ikauma.

Sasa nasoma, napigwa mikia na tilapia, na nashukuru. Namshukuru Papa aliyeniambia "huku" kwa sababu ya kumpenda mama yake. Namshukuru Bibi aliyemkatalia.

Nilichojifunza: mzazi akikukatalia chuo, usikimbilie kununa kama mimi. Muulize bibi yako. Na kama una vyuo viwili mji mmoja, nenda kwenye kile ambacho ukipigwa mkia wa samaki usoni bado unataka kurudi kesho.

Nyumbani kwenu nani anakuanikia kitenge? Semeni hapa chini, nasoma comment zote. Prof wa asubuhi huwa anachelewa, mtumbwi wake hauna mota.